Kuhama, kuhamisha au kuhamishia masanduku ya barua pepe?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta katika shule moja hapa Kampala. Tunabadilisha seva ya barua pepe, nami niliwaandikia walimu hivi: "Jumamosi tutahama masanduku yote kwenda seva mpya." Mwalimu wa Kiswahili akaniambia kwamba kitenzi nilichotumia si sahihi. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwalimu huyo amesema kweli, na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa linageuza maana. Kitenzi hama hutaja mahali panapoachwa: anayesema "nimehama Ntinda" au "tumehama nyumba ile" anaeleza kwamba hakai huko tena. Kwa hiyo "tutahama masanduku" ni sawa na kusema kwamba masanduku yataachwa, na mwalimu aliyetunza humo barua za miaka mingi atashtuka kwa haki kabisa.

Kitu hakihami chenyewe, huhamishwa. Anayezungumza Kiganda anaijua tofauti hii tangu utotoni, maana hachanganyi okusenguka (kuhama) na okusengula (kuhamisha). Katika Kiswahili kuna hatua nyingine: ukitaka kutaja kitu kinakopelekwa, kauli ya kutendea inakupa hamishia, nawe huhitaji tena lile neno "kwenda". Sema: "Tutahamishia masanduku yote kwenye seva mpya." Walimu wao, kwa kuwa ni watu, watahamia.

Hata hivyo, ningependa uitazame pia kazi yenyewe. Kwa kawaida programu za uhamishaji, hasa zinazotumia IMAP (utaratibu wa kusoma barua zikiwa kwenye seva), hunakili barua pamoja na folda zake na alama ya zilizokwisha kusomwa, huku nakala ya awali ikibaki kwenye seva ya zamani mpaka mtu aifute. Tena, ukishabadilisha rekodi ya MX, yaani ile inayoonyesha barua zenu zipelekwe seva ipi, seva za watu wengine huweza kuendelea kwa saa kadhaa kupeleka barua kule kwa zamani, kwa sababu bado zimehifadhi anwani ya kwanza. Kwa barua, basi, naona kitenzi cha haki ni nakili. Hamishia nakiacha kwa sanduku zima, yaani makao ya barua hizo.

Upatanisho nao uangaliwe: masanduku yatahamishiwa, lakini barua pepe zitanakiliwa, wala katika maandishi rasmi hatusemi "mabarua". Kikasha ni folda ya barua zinazoingia tu, kwa hiyo kisitumike badala ya sanduku.

Tangazo lako ningeliandika hivi: "Ijumaa jioni tutanakili barua pepe zenu zote kwenye seva mpya, na Jumamosi tutahamishia huko masanduku yenu. Barua zitakazoendelea kufika kwenye seva ya zamani tutazinakili baadaye. Tafadhali msifute chochote mpaka tuwajulishe."