P0562 haijakwambia ununue alteneta

Juzi msomaji mmoja wa Likoni aliniandikia akiwa na uchungu. Gari lake lilitiwa mashine ya kusoma hitilafu, ikatoka kodi ya hitilafu P0562, naye akaambiwa alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Akanunua nyingine, ikafungwa, na baada ya siku chache taa ya betri ikawaka tena. Nikamwambia alilete kwangu Changamwe.

Kodi hiyo inasema kompyuta ya injini imeona volti ziko chini. Zimepotelea wapi, haisemi. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia, na hapo ndipo wengi wanapoishia.

Injini ikinguruma, taa kubwa zikiwaka, mashine ilisoma volti 12.4. Nikachukua mita ya kupimia umeme: kwenye alteneta yenyewe 14.2, kwenye betri 12.5. Kumbe alteneta inazalisha, ila umeme haufiki. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye nati ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Ikaja 1.7, yaani volti zinazopotea njiani, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi. Nikafuata waya hadi kwenye boksi la fyuzi. Bolti yake imeota kutu ya kijani, waya umelegea. Hewa ya chumvi hii tunayoishi nayo! Nikasugua, nikakaza, mashine ikapanda hadi 14.1. Sikuuza hata spea moja, na najivunia hilo.

Nilipoanza ufundi nilibezwa kwa kutembea na mita, eti mimi wa kizamani. Maneno yale hayajanitoka. Nyinyi vijana mnaotaka jina katika kazi hii, mashine ni ya kuulizwa, si ya kutiiwa. Mteja ametoka jasho kupata hizo hela.

Kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima hutoa kama 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza. Wakati stata inazungusha, angalia namba inashuka hadi wapi. Ikipita chini ya 9.6, shuku betri, nyaya au stata yenyewe, na tena upime kwa mita, kwa sababu mashine nyingi husoma polepole na ule mshuko huzipita. Injini ikishawaka, tarajia 13.8 hadi 14.7.

Ukikuta kodi nyingi zinazoanza na U, za vifaa kukosa mawasiliano, zimejipanga baada ya betri kuisha, usianze kununua kompyuta. Volti zikishuka sana, vifaa huacha kuwasiliana. Chaji betri, zifute, endesha, upime upya.

Na wenye Honda, tulieni. Nyingi zimeundwa zipunguze chaji mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo 12.5 injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta si lazima iwe ubovu. Washa taa kubwa na AC, kisha usome tena. Ikiruka hadi 14 na ushee, alteneta yako ni nzima.