Mgeni wa kazi Tanga anayetaka kujitolea: pa kuanzia na panapokwama

Tanga ina msemo wake wa zamani: waja leo waondoka leo. Kwenye shughuli za kujitolea msemo huo unakaa sawasawa. Kituo, shule au kikundi cha mtaa hakikosi mtu wa kuja siku moja na katoni ya sabuni, akapiga picha, akaondoka. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi Jumamosi ya tano, ya saba, ya ishirini.

Makala haya ni ya mgeni aliyekuja kwa mkataba wa kazi: Mkenya wa bandarini, Mganda aliyefuata bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Mkongomani wa kampuni ya usafirishaji, fundi wa kiwanda cha saruji kule Pongwe. Una mshahara na una nyumba Raskazone au Nguvumali, na mwisho wa wiki saa zinakubakia. Unazipeleka wapi?

Kwanza zihesabu. Chukua ratiba ya zamu zako za miezi mitatu iliyopita, si ya mwezi ujao, kwa sababu ratiba ya mwezi ujao ni matumaini. Tazama Jumamosi ngapi ulikuwa huru kweli, bila dharura, bila safari ya kuvuka Horohoro kwenda nyumbani. Ukipata nne kwa mwezi, ahidi mbili. Saa tatu kila baada ya wiki mbili zinafika saa 78 kwa mwaka, na mwalimu au kiongozi wa kikundi anaweza kuzipangia kazi. Ahadi ya "nikipata nafasi nitakuja" haipangiki, na ndiyo inayomfanya mwenyeji akuitikie kwa tabasamu kisha asikupigie simu tena.

La pili ni karatasi, na hapa wageni wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba kazi isiyo na malipo haimhusu Uhamiaji. Inamhusu. Kibali cha ukaazi cha mwajiriwa, yaani Kundi B, hutolewa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa. Wanaojitolea wako Kundi C. Juu ya hapo kuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, inayosimamiwa na Kamishna wa Kazi. Kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kunarahisisha mengi, ila hakufuti kibali. Kufagia mtaa wenu pamoja na majirani ni maisha ya kawaida ya mkaazi. Kukaa kila wiki kwenye dawati la asasi, ukiwa na kitambulisho chao shingoni na cheo, ni jambo jingine, na ofisa akiingia mlangoni ataliona hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi yoyote ya kudumu, pata barua mbili. Moja ni ya mwajiri wako, isemayo hana pingamizi na shughuli hiyo nje ya saa za kazi. Nyingine ni ya asasi inayokupokea, ikitaja kazi, siku, saa, na kwamba hakuna malipo. Zipeleke ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na nakala ya pasipoti na kibali, uulize kama unahitaji kibali cha ziada au msamaha. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Neno la "haina shida, endelea tu" kutoka kwa rafiki anayemjua mtu ofisini halina muhuri.

Kumbuka pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unagusa ajali iliyotokana na kazi uliyoajiriwa. Ukianguka kwenye paa la darasa unalosaidia kupaka rangi siku ya Jumamosi, hiyo si ajali ya kazini. Angalia bima yako ya afya inasema nini kabla hujapanda ngazi.

Mlango ulio rahisi kuliko yote uko mita mia chache kutoka kwako: ofisi ya serikali ya mtaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchini, na mtaa wowote wa Ngamiani, Makorora au Duga unajua nani alitoka na nani alijifungia ndani. Toka mara mbili tatu na fagio lako mwenyewe. Ukienda baadaye kwa mwenyekiti au mtendaji kuomba barua ya utambulisho, hutakuwa mgeni wa kujieleza tangu mwanzo. Muulize yeye, pamoja na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ni vikundi gani vinafanya kazi kweli. Wanajua kipi kina watu na kipi kina bango tu.

Namna ya kuomba ina uzito wake hapa. Mkenya aliyezoea "nipe" na "nataka" ajue kwamba Tanga watu huomba: "Shikamoo mzee. Ninaishi Barabara ya Nane, nafanya kazi bandarini. Nina Jumamosi mbili kila mwezi. Naomba kujua panapopungua mkono." Halafu nyamaza usikilize. Usianze kwa kueleza mradi wako. Na jifunze kusoma majibu. Mtu mwungwana hatakukatalia usoni, atasema "tutakujulisha." Ukiambiwa hivyo mara tatu bila kutajiwa tarehe, umeshakataliwa, nenda mlango mwingine bila kinyongo.

Shule ndizo zinazotamaniwa na wengi na ndizo zenye hatua nyingi. Kwa shule ya serikali barua haiendi kwa mwalimu, inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa kupitia Afisa Elimu wa Msingi au wa Sekondari. Ambatisha nakala ya pasipoti na kibali, maelezo ya elimu yako ya ukurasa mmoja, somo, siku na saa. Jibu likitoka ndipo unakwenda shuleni nalo. Kiongozi wa shule ya msingi ni mwalimu mkuu, wa sekondari ni mkuu wa shule. Ukivichanganya vyeo hivyo kwenye barua, kama wanavyofanya wageni wengi, utaonekana hukujishughulisha kuuliza.

Msingi katika shule za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na hapo mhandisi aliyesoma hesabu kwa Kiingereza maisha yake yote anakwama mbele ya watoto wa darasa la tano. Kabla ya siku ya kwanza azima kitabu cha Hisabati ukae na istilahi: KDS ni kigawe kidogo cha shirika, KKS ni kigawo kikubwa cha shirika, namba ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili, mzingo ni urefu wa kuzunguka umbo, na kuna namba tasa. Jioni mbili zinatosha. Usipofanya hivyo mtoto atakuelewa njia na kushindwa kuelewa swali kwenye mtihani, nawe utakuwa umemwongezea mzigo.

Kidato cha kwanza ni kinyume chake. Januari mwanafunzi anayetoka msingi wa Kiswahili anaingia kwenye masomo ya Kiingereza, na karibu kila shule ya kata inahitaji mtu wa kukaa na kundi la wanafunzi wanane au kumi wasome kwa sauti na kuandika aya fupi. Kumi ni mwisho. Ukipewa arobaini umegeuka mwalimu wa darasa, na kufundisha darasa kuna masharti yake. Epuka kuanza Septemba, darasa la saba wakiwa na mtihani wa taifa, au Novemba ya kidato cha nne. Shule huwa haina akili ya mgeni miezi hiyo.

Kosa la ratiba linalorudiwa kila mwaka ni kuita watoto Jumamosi asubuhi na kushangaa wamekuja sita. Wengine wako chuoni, na chuoni kwa mtu wa Tanga maana yake ni madrasa. Muulize ustadhi wa hapo saa za vipindi kabla ya kupanga zako. Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima inahama, kwa hiyo panga upya mapema au simamisha kwa makubaliano.

Wanaopenda kazi ya mikono na matope wana mikoko, na hii ndiyo kazi inayoharibika kirahisi kuliko watu wanavyofikiri. Misitu ya mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Upande wa Mwambani na Tongoni kuna pia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009. Hivyo hupandi kwa sababu umepata miche. Unajiunga na BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe, au kikundi cha mazingira chenye ruhusa tayari, unafuata mpango wao.

Ratiba ya mikoko inaamuliwa na mwezi. Pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka sana karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Wiki inayofuata ni maji mafu, na asubuhi hiyo hiyo utakuta bahari imejaa. Maana yake mfanyakazi wa Jumamosi anapata moja, anakosa moja, anapata nyingine. Ndiyo maana ahadi ya kila wiki mbili inafaa hapa kuliko popote. Baada ya miezi miwili mitatu mpangilio unasogea, kwa hiyo kubaliana na kikundi kwa kutazama kalenda ya mwezi, au muulize mvuvi yeyote.

Mche wa mkoko ni ule mrefu kama fimbo unaoning'inia mtini. Uliokomaa unaachia kwa kuguswa tu, ukiung'oa kwa nguvu haujakomaa na utaoza. Ncha nene iliyochongoka inakwenda chini, theluthi moja ya urefu ndani ya tope, umbali wa mita moja kila upande. Kwa vipimo hivyo hekta moja inakula miche 10,000, hivyo mtu anayetangaza kupanda hekta tatu asubuhi moja na wafanyakazi ishirini, muulize kikokotoo chake. Kuna wanaoipanda kichwa chini miguu juu, si utani. Kosa kubwa zaidi ni kupanda kwenye mchanga wazi mbele ya mawimbi kwa sababu pana nafasi na picha inatoka vizuri. Ufukwe ambao haukuwahi kuwa na mikoko una sababu zake. Vaa raba za kufunga kamba, maana buti tope linazivua na maganda ya chaza yanachana nyayo. Kisha rudi baada ya wiki mbili, miezi mitatu na mwaka, uhesabu iliyo hai. Kazi yenyewe ni hiyo ya kuhesabu na kupandikiza upya. Siku ya kupanda ni utangulizi tu.

Kwa asiye na muda hata wa Jumamosi mbili, kuna damu. Mwenye miaka 18 hadi 65, uzito zaidi ya kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia, mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Kule hospitali ya Bombo wataeleza utaratibu. Muuguzi au daktari kutoka nje asidhani atapokewa wodini kwa moyo wake mzuri. Bila kusajiliwa na baraza la taaluma yake nchini, hata kudunga sindano hapaswi.

Wazee wa makazi ya Mwanzange wanapelekewa sana sukari na mchele. Kabla hujanunua chochote, pitia Ustawi wa Jamii, kisha muulize mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, maana wako wenye kisukari na sukari yako haiwafai. Mtu wa kunyoa, kukata kucha, kusoma gazeti kwa sauti au kurekebisha kitasa anaweza kuwa na faida kuliko mchele.

Kwenye makao ya watoto tuwe wakali kidogo. Makao yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Omba kuiona, na uiulizie pia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Makao yanayokuruhusu kuingia na kucheza na watoto siku hiyo hiyo bila kuuliza cheti cha tabia njema, ondoka. Wakimruhusu kila mtu kama walivyokuruhusu wewe, fikiria wanaopita mlangoni hapo. Cheti hicho kitafute nchini kwako. Picha za watoto acha kabisa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna haya pia. Kama mkataba wako umebakiza miezi miwili, usianze na watoto wadogo. Nenda kwenye mikoko au kwenye daftari la hesabu la asasi, kwani kila NGO hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka na hesabu kwa Msajili, na wengi hukwama hapo.

Pesa. Asasi ikikudai ada ya kujitolea, omba mchanganuo na risiti. Upande wa pili, mkialikwa semina utaletewa fomu ya posho. Usisaini. Kiasi ni kidogo, lakini sahihi yako ni ushahidi kwamba ulilipwa, na barua yako kule Uhamiaji inasema hulipwi. Nauli jilipie, au nunua baiskeli. Mji huu ni tambarare na kila mtu anaendesha.

Mkataba ukikaribia kwisha, toa taarifa mwezi mmoja kabla, si wiki ya kuaga. Njoo mara mbili na mtu atakayeshika nafasi yako, mwachie daftari lenye majina ya wanafunzi na walipofika, au idadi ya miche iliyo hai kwa kila mstari. Funguo za stoo, kama ulipewa, mrudishie mkononi aliyekupa, si mlinzi wa getini.