Anza na maswali ya wateja: kwa wewe uliyekabidhiwa blogu na mitandao ya kampuni

Ukikabidhiwa blogu na akaunti za kampuni kwa mara ya kwanza, agizo huwa fupi: "Tunataka tujulikane." Kabla hujaandika hata sentensi moja, nenda ukakae na watu wa huduma kwa wateja. Waombe wakutajie maswali waliyochoka kuyajibu, kisha yaandike kwa maneno yaleyale ya mteja, hata kama mafundi wenu wanakiita kitu hicho kwa jina jingine. Mteja atatafuta mtandaoni kwa maneno yake, si kwa maneno ya fundi. Orodha hiyo itakutosha kwa makala za miezi mingi, na mimi sijaona kikao cha kubuni mada kilichowahi kuishinda.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wageni wengi huanza na sifa. Chukua mfano wa kampuni inayouza pampu za maji. Posti ya kwanza inasema: "Tunajivunia kutoa huduma bora na za kisasa kwa wateja wetu." Ukifuta jina na kuweka la mshindani, hakuna kitakachobadilika. Sasa soma hii: "Pampu yako inatoa mlio kama kokoto zinagongana? Mara nyingi haipati maji ya kutosha upande wa kuvuta. Izime, kisha angalia kichujio kama kimeziba." Mwenye pampu inayopiga kelele ataisoma hadi mwisho, ataihifadhi, na atamtumia jirani yake. Jina lenu linabaki kichwani mwake likiwa limeambatana na msaada, na huko ndiko kujulikana ninakokuzungumzia.

Utaniuliza: nitajuaje habari za vichujio ilhali mimi ni mtu wa masoko? Muulize fundi. Usimwombe aandike, maana atakuahidi wiki ijayo na wiki hiyo haitafika. Keti naye, mrekodi kwa ridhaa yake akijibu maswali mawili matatu, uandike wewe, kisha umrudishie ahakiki. Weka na jina lake kwenye makala akikubali. Watu humwamini mtu haraka kuliko nembo.

Katika fani hii kuna kisa kinachosimuliwa sana, nacho kinastahili. River Pools and Spas ni kampuni ya mabwawa ya kuogelea iliyoanzia Virginia, Marekani. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulipowakimbiza wateja, mmoja wa wamiliki wake, Marcus Sheridan, alianza kujibu kwenye blogu ya kampuni maswali waliyokuwa wakiulizwa kila siku, likiwemo lile ambalo wenye biashara hulikwepa: bwawa ni bei gani? Hakuweza kutaja bei moja, kwa hiyo alieleza ni nini kinachoipandisha na ni nini kinachoishusha. Makala hiyo iliwaletea wateja wengi. Ofisini kwenu pia lipo swali ambalo kila mtu anaogopa kulijibu hadharani. Lipiganie hilo, ukianza na bosi wako.

Makala kamili iweke kwenye tovuti yenu. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida 2019. Mtandao wa kijamii ni mali ya mwingine, naye anaweza kubadilisha masharti au kuufunga. Kwenye mitandao peleka vipande, na kila mtandao uukatie kipande chake. LinkedIn inavumilia maelezo marefu ya kikazi. Instagram inataka picha au video fupi, na video iwekee maandishi kwa sababu wengi hutazama bila sauti. Mitandao miwili inayohudumiwa vizuri inatosha.

Sasa vipimo. Idadi ya wafuasi inapendeza kwenye ripoti, lakini wafuasi hununuliwa, na wengine walikufuata kwa ajili ya zawadi tu. Mimi naangalia zaidi ni wangapi wanaotafuta kampuni kwa jina lake. Google Search Console ni ya bure na huonyesha maneno yaliyowafikisha watu kwenye tovuti yenu. Chuja yale yenye jina la kampuni, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Ongeza swali moja kwenye fomu ya wateja wapya: "Ulitusikia wapi?" Mwambie bosi mapema kwamba namba hizi hupanda polepole, kwa miezi, ili asikudai matokeo baada ya wiki mbili.

Maoni yajibu siku hiyohiyo. Malalamiko usiyafute: jibu hadharani kwa ufupi na heshima, kisha muombe mteja muendelee kwa ujumbe wa faragha, hasa panapohitajika namba ya simu au ya oda. Wanaosoma kimyakimya ni wengi kuliko anayelalamika, nao wanapima jinsi mnavyomtendea.

Ukiisifia bidhaa yenu kwenye akaunti yako binafsi, sema wazi kuwa unafanya kazi hapo. Na usikubali kamwe kuandika tathmini ukijifanya mteja, hata agizo likitoka juu. Ni kumdanganya mtu anayetaka kutoa pesa yake, na Marekani, kwa mfano, ilianza Oktoba 2024 kutumia kanuni mahususi inayopiga marufuku tathmini za uongo. Ukishinikizwa, toa pendekezo lililo halali: waandikieni wateja halisi baada ya kazi kukamilika, muwaombe waseme walichokiona, kizuri na kibaya, bila kuwaahidi malipo.