Sehemu ya hadithi ninayoiruka

Wiki chache zilizopita binti yangu alinikuta nimetandaza picha za zamani kitandani. Akaokota moja: baba yangu ameketi, shuka limemfunika miguu, anamtazama aliyeshika kamera.

"Hapa babu alikuwa anaumwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nani alimpiga hii picha?"

"Shangazi yako."

Kisha likaja lile swali. "Na wewe baba, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kazini. Jibu lenyewe ni hilo tu, na kwa miaka 11 nimelizungushia maneno. Nikisimulia ugonjwa wa baba huanza na siku aliyolazwa, naruka mwezi mzima, kisha naibukia siku ya mwisho, kwa kuwa siku hiyo nilikuwepo. Ndani ya mwezi ule dada yangu alinipigia simu mara tatu kuniita. Mara zote tatu nilimjibu "wiki ijayo". Kulikuwa na ripoti ya kukabidhi. Leo sikumbuki hata ilihusu nini.

Kinachoniuma ni kwamba sikujua kuwa naamua. Uamuzi mzito tunausubiri uje na sura ya uzito: kuoa, kuhama, kuacha kazi. Huo tunaufikiria, tunaomba ushauri, tunakosa usingizi. Mwingine unapita katikati ya mazungumzo ya simu, umevaa maneno mepesi kama "nimebanwa kidogo" au "nitakutafuta", na ndio huo nitakaoulizwa na wanangu.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliandika katika miaka ya 1990 jinsi majuto yanavyogeuka kadiri muda unavyokwenda. Mwanzoni kinachotuchoma zaidi ni tulilolitenda. Miaka ikipita, linalobaki linatukereketa ni lile tuliloliacha bila kulitenda. Mimi sihitaji kushawishiwa. Kosa nililolifanya naweza kuliombea radhi, tukasameheana, likaisha. Mwezi ule hauna pa kuishia. Nimeshaongea na baba mara nyingi sana kichwani, mazungumzo ambayo angeyasikia kweli kama ningepanda gari.

Wala usitegemee kwamba kumbukumbu itakutunzia mambo yalivyokuwa. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha kuwa mtu anapokumbuka simulizi huijenga upya, akipunguza hapa na kubadilisha pale mpaka imkae vizuri. Kwa miaka mingi nilisema dada alinipigia mara moja tu, na niliamini hivyo kwa dhati. Yeye ndiye aliyenisahihisha, bila hasira yoyote. Afadhali angekasirika.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijasema "baadaye", nausimulia uamuzi wangu kwa sauti, kana kwamba miaka 10 imepita na anayenisikiliza ni mtoto. Mwaka jana rafiki yangu wa siku nyingi alifiwa wakati tumenuniana. Nikajaribu: "Alifiwa, nami nikangoja kwanza aniombe radhi." Nilishindwa kuimalizia sentensi ile. Nikaenda. Hatukuongea mengi, tulikaa tu, lakini siku ile naweza kuisimulia mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu.

Jaribu nawe. Usisimulie kichwani, maana humo kila kisingizio kinasikika vizuri. Itamke. Na usinielewe vibaya: kuna waliobaki kazini kwa sababu mshahara ule ndio uliolipia dawa. Hao hawana cha kuruka. Ukiwa miongoni mwao, mwambie mwanao hivyo hivyo, naye ataelewa.

Binti yangu nilimweleza yote, simu tatu na ripoti. Akakaa kimya, kisha akauliza kama shangazi alikasirika. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akampigia palepale, akaweka sauti ya nje.

Dada hakuzungumzia hasira. Alisema siku ile ya picha baba aliomba anyanyuliwe, akaketi, akamtaka amtengeneze shuka vizuri miguuni, kwa sababu picha hiyo ilikuwa ya kunitumia mimi.