Maswali yenu ya kazi: nilikuwa nakagua mabenki, sasa benki inanitaka

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni dada wa miaka 36, niko Dodoma, nina miaka tisa kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mabenki na kazi yangu ni ukaguzi. Mwezi uliopita benki moja ilinipigia, wanataka niwe mkuu wa komplayansi kwao, yaani wa kuhakikisha benki inafuata sheria, mshahara ni kama mara mbili na nusu ya ninaopata sasa, gari, bima ya familia nzima. Mume wangu anashangaa nasubiri nini. Ila mkubwa wangu kazini kanitajia yule mzungu aliyekuwa bosi wa FSA kule Uingereza afu akaenda Barclays, hakumaliza hata mwaka, akaniambia "we nenda tu, utakuja kunikumbuka". Ni kweli? Kilimkuta nini? Na mimi niende au nibaki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkubwa wako hajakudanganya ila kakupa nusu ya hadithi.

Yule bwana anaitwa Hector Sants. Kwanza jua kwamba hakuanzia serikalini, alikuwa mtu wa mabenki kabisa, kapita UBS, kapita Credit Suisse First Boston, ndo 2004 akaingia FSA, mamlaka iliyokuwa inasimamia mambo ya fedha Uingereza, na Julai 2007 akapewa ukuu wake. Iangalie vizuri hiyo tarehe. Septemba hiyo hiyo, kiti hakijapata joto, watu wakapanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock wanadai hela zao, kitu ambacho Waingereza hawakuwa wamekiona kwa zaidi ya miaka mia, na mwaka uliofuata ikaja zamu ya RBS, benki nyingine kubwa, hadi serikali ikabidi iingize hela za walipa kodi. Yaani jamaa kajifunza ukuu motoni. 2009 akasimama akasema hadharani kwamba watu wa fedha wanatakiwa waiogope sana FSA, na kuanzia hapo faini zikaanza kuwa faini kweli.

Akatoka FSA mwishoni mwa Juni 2012. Sasa ona, siku zile zile anafunga makabrasha yake ndo Barclays wanapigwa faini ya pauni milioni 290 kwa ishu ya Libor, na milioni 59.5 kati ya hizo ni za FSA, ofisi yake mwenyewe, zilizobaki za Wamarekani. Kwa asiyejua, Libor ilikuwa riba ambayo mabenki ya London yalikuwa yanaitaja kila siku asubuhi, kwamba leo sisi tungekopeshwa na benki nyingine kwa asilimia fulani, na mikopo kibao duniani ikawa inapimwa kwa namba hiyo, basi watu wa dili ndani ya benki wakawa wanawaomba wenzao wanaotaja namba waisogeze kidogo tu, juu au chini. Kwenye karatasi za FSA kuna mmoja anamshukuru mwenzake kwa imeili na kumwahidi atamfungulia chupa ya Bollinger. Chupa ya shampeni, kwa namba inayogusa mkopo wa nyumba wa mtu asiyemjua wala hatamjua.

Julai bosi wa benki Bob Diamond akajiuzulu, akaja Antony Jenkins anasema ataisafisha nyumba, na mtu aliyemchukua kushika komplayansi pamoja na mahusiano na serikali ni huyo huyo Sants. Kaanza Januari 2013. Oktoba akachukua likizo ya ugonjwa, msongo na uchovu, Novemba akaachia kabisa. Miezi kumi. Mwaka uliofuata alishahamia Oliver Wyman, kampuni ya ushauri.

Mkubwa wako ndo anaishia hapo. Mi nakuongezea wa pili, Stuart Levey, Mmarekani. Huyu alikuwa Wizara ya Fedha kuanzia 2004, yeye ndo wa kwanza kushika kitengo cha kufuatilia hela za ugaidi na vikwazo, Bush kamteua na Obama alipoingia akambakiza, kitu ambacho si cha kawaida kwa Wamarekani. Januari 2012 akaenda benki ya HSBC kuwa mkuu wa sheria. Na HSBC ya wakati ule ilikuwa nyumba inayowaka, Julai akaketishwa mbele ya kamati ya Seneti, na pale pale kwenye kikao mkuu wa komplayansi wa kundi zima, David Bagley, akatangaza anaachia nafasi yake. Desemba benki ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.9 kwa fedha haramu zilizopita kwao. Kuna kitu kwenye karatasi za kesi ile mi sikisahau: wauza unga Mexico walikuwa wanaleta keshi benki kwenye maboksi yaliyotengenezwa yatoshe sawasawa kwenye dirisha la mhudumu. Fikiria mtu kachukua futi ya kupimia akaenda benki kupima dirisha! Na hakuna aliyemuuliza bwana unapima nini.

Levey akakaa HSBC mpaka 2020, miaka minane.

Kwanini mmoja miezi kumi na mwingine miaka minane? Ya moyoni wanayajua wenyewe, mi nasema ninavyoona. Levey alikuwa na fimbo ya nje. Yale makubaliano ya Desemba 2012 yalikuwa ya miaka mitano na yalileta msimamizi huru anayeingia benki na kukagua, maana yake akisema hapana kwenye kikao, nyuma ya hapana yake kuna kesi ya jinai inayoweza kufufuka. Hata kabla ya hapo benki ilishaanza kumwaga watu, tawi lao la Marekani peke yake lilitoka watu chini ya mia wa kuzuia fedha haramu mwanzoni mwa 2010 hadi zaidi ya 800 katikati ya 2012. Mtu akiwa na hofu ya mahakama anakusikiliza hata kama hakupendi.

Na hapo ndo kuna jambo lako wewe. Huko uliko sasa ukiandika barua, benki inajibu, si kwa sababu barua yako ni tamu, ni kwa sababu ya ile nembo juu ya karatasi. Ukivuka nembo inabaki Dodoma. Unabaki na mdomo na saini. Mimi nilivuka hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, ofisi siitaji, benki siitaji, na mwezi wa kwanza nilikuwa naandika memo kwa lugha ile ile ya ukaguzi, "mnatakiwa kurekebisha ndani ya siku kumi na nne", nasubiri majibu, kimya. Mwezi mzima. Nikaja kugundua jamaa wa biashara walikuwa wananiita Hakimu, na hawakuwa wananisifia.

Afu nikapata somo lingine, hili lilinitia aibu. Kila Alhamisi kulikuwa na mama mmoja analeta keshi kwenye salfeti, noti zimelowa lowa zinanuka dagaa, mhudumu anazihesabu kaziba pua. Mi kwa macho yangu ya ukaguzi nikasema tayari, huyu hapa, muamala wenye shaka, nikaanza kujaza fomu. Meneja wa tawi, kijana mmoja mpole, akanambia mzee twende wote Mwanza siku moja. Tukaenda mwaloni Kirumba alfajiri. Mama ana vijana, ana mizani, ana daftari la wavuvi toka sijui lini, hela inanuka dagaa kwa sababu ni ya dagaa. Wakati huo huo mezani kwangu kulikuwa na faili la kampuni ya ushauri, karatasi zake safi, leseni ipo, namba ya mlipakodi ipo, hela zinaingia kwa uhamisho wa kistaarabu kutoka taasisi ya umma na kutoka siku ya pili kwenda kwa watu binafsi. Hiyo sikuiona kwa miezi minne! Mkaguzi tunafundishwa kusoma karatasi, na mwizi mwenye akili anatengeneza karatasi kwanza.

Nilipoiona nikataka kuizuia. Ijumaa saa kumi na moja jioni mkuu wa biashara akaja mlangoni kwangu na sahani ya sambusa, kaniita kaka, kakaa, kaniuliza watoto, ndo akasema huyu mteja bodi inamjua, saini tu tutamalizana Jumatatu. Sikusaini. Lakini nakwambia ukweli, mkono ulitetemeka, kwa sababu aliyekuwa ananijazia tathmini ya mwaka ni huyo huyo mkuu wa biashara na bonasi yangu ilikuwa inafuata tageti yake. Kosa nililifanya siku ya kusaini mkataba, sio siku ya sambusa.

Kwahiyo wakati bado wanakubembeleza, kabla hujasaini, uliza nani atakujazia tathmini, na nani anaweza kukufukuza. Kama jibu ni mkurugenzi mtendaji peke yake, sema unataka iandikwe kwamba bila kamati ya bodi kukaa huondoki, na kwamba unaingia kwenye kamati hiyo angalau mara nne kwa mwaka bila mkurugenzi kuwepo chumbani. Bonasi yako isifungwe na mauzo. Uliza una watu wangapi na mfumo gani wa kufuatilia miamala, usije ukaambiwa idara ipo kumbe ni wewe, binti wa field na ekseli. Na mtafute aliyekuwepo kabla yako, mnunulie chai, umuulize kaondoka kwanini, akikwambia "nilipumzika tu" angalia anavyoangalia pembeni.

Wakikubali hayo kwa maandishi, nenda, kazi ni nzuri na unaiweza. Wakikwambia "hayo ni ya kuaminiana tu mama", baki Dodoma, na mwambie mumeo ni mimi nimesema, anitukane mimi.

SWALI: Habari ya huko. Mimi niko Nairobi, nimemaliza digrii ya uhasibu, naona kila benki inatafuta watu wa komplayansi. Hii kazi itadumu ama ni upepo tu?

JIBU: Salama kabisa. Upepo hauji na faini kijana. Septemba 2018 Benki Kuu yenu ilipiga benki tano jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa hela za NYS, lile shirika la vijana wa taifa, zilizopita kwao, kubwa kabisa ikaangukia KCB, milioni 149.5, na kosa lenyewe hasa ni kutoripoti keshi kubwa na kutomjua mteja sawasawa. Mwaka uliofuata huku kwetu Tanzania Benki Kuu, BoT, nao wakapiga tano, karibu shilingi bilioni 1.9 zetu, mambo hayo hayo ya fedha haramu. Ongeza ile orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, wanaweka nchi zenye udhaifu, Tanzania tuliingia Oktoba 2022 tukatoka Juni 2025, nyie Kenya mkaingia Februari 2024, mwezi ule ule Uganda wanatoka. Nchi ikiwa kwenye orodha ile mabenki ya nje yanauliza maswali mengi zaidi kwa kila dola, na lazima pawe na mtu wa kuyajibu. Huyo mtu ndo wewe.

Ila usianzie komplayansi moja kwa moja. Kaa kaunta mwaka, kaa mikopo mwaka. Cheti cha CAMS, kile cha wataalamu wa kuzuia fedha haramu, ni kizuri kwenye sivii ila hakikufundishi dagaa zinanukaje.

SWALI: Anko mimi ni kaka wa Arusha, nilikuwa mkaguzi, nimehamia benki miezi miwili sasa. Nina flashi ya kazi ya zamani, ina ripoti za ukaguzi za benki tatu, nilisahau tu kuirudisha. Bosi mpya kasikia, ananiambia nimuonyeshe kidogo, tuone wenzetu wanakosea wapi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. 2014 kuna kijana alitoka tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani kwenda benki ya Goldman Sachs, akapata nyaraka za siri za usimamizi kutoka kwa rafiki yake aliyebaki kule, akazitumia kazini. Goldman ikalipa dola milioni 50 kwa msimamizi wa jimbo la New York 2015, na mwaka uliofuata Federal Reserve, yaani hiyo Benki Kuu ya Marekani, nao wakachukua milioni 36.3 juu yake, yule kijana na rafiki yake wote wakapoteza kazi na kesi juu. Marekani wana hata sheria kwamba mkaguzi mkuu wa benki haruhusiwi kwenda kulipwa na benki aliyokuwa anaikagua mpaka upite mwaka. Kwetu soma mkataba wako wa zamani na kile kiapo cha siri ulichosaini, najua ulikisaini bila kukisoma, wote tulifanya hivyo.

Bosi mpe jibu moja kwa imeili, sio kwa mdomo: ripoti zile ni mali ya ofisi ya zamani, siwezi. Flashi usiichomeke kwenye laptopu ya benki hata kuangalia kilichomo. Jumatatu asubuhi ipeleke ulikoitoa, mkononi, na wakusainie kwamba wameipokea.