Wasomaji Wanauliza: Ng'ombe Aliyezaa Hataki Mtu Karibu

SWALI: Ng'ombe wangu huzaa malishoni. Yuko mmoja ambaye mwaka mzima ni mpole, ila akishazaa habebeki. Safari hii alinifukuza nilipotaka kumvika ndama hereni na kumpaka dawa kitovuni. Nifanyeje kazi hiyo bila kuumizwa?

JIBU: Ndugu mfugaji, jiulize kwanza kama una haja ya kumsogelea saa hiyo. Simama mbali, mita 20 au 30, uangalie. Ndama mzima husimama ndani ya saa moja hivi, na kwa kawaida huwa amenyonya kabla ya saa mbili kwisha. Mama akiwa anamlamba na ndama anatafuta chuchu, waache. Wakati huo ndipo anapoishika harufu ya mwanawe, na ukimwingilia unamchochea bure.

Mbwa abaki nyumbani. Ng'ombe aliyezaa humwona mbwa kama mnyama mwindaji, humshambulia, na mbwa akikimbia hukimbilia kwa bwana wake. Watu wengi hukanyagwa hivyo, na ugomvi haukuwa wao.

Msogelee kwa upande, ukisema naye kwa sauti ya chini, kwani ng'ombe haoni kilicho nyuma yake kabisa na akishtuliwa hugeuka kwa hasira. Kabla hajashambulia huonya: huinamisha kichwa huku akikukazia macho, hukugeuzia ubavu ili uone ukubwa wake, hukoroma, hutikisa kichwa, huparua ardhi kwa kwato. Ukiona hata moja kati ya hizo, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Wala asikudanganye kwa kukosa pembe. Ng'ombe humwangusha mtu kwa paji la uso, kisha humkandamiza chini kwa kichwa, na hapo ndipo mbavu huvunjika.

Kwa hereni na kitovu, dawa ni geti. Chagua kona ya ua imara, funga geti la mita 3 upande mmoja ili ukilivuta lifanye pembetatu na kona hiyo. Waswage wote wawili polepole hadi hapo, ndama aingie pembetatuni, mama abaki nje. Muhimu sana: mama amwone ndama na aweze kumnusa kupitia geti. Ukimficha, utamtia wazimu na geti lenyewe halitamzuia.

Muwe wawili, mmoja kazi yake ni kumtazama ng'ombe tu, fimbo mkononi. Hereni iwe imeshawekwa kwenye koleo lake, na iodini ya asilimia 7 iwe kwenye kikombe kidogo. Kitovu kichovye chote hadi kwenye ngozi ya tumbo, maana kukipaka juujuu kunaacha mlango wa vijidudu. Ndama awe kati yako na mama yake. Usimbane hadi akalia, kwani kilio chake ndicho kinachomrusha ng'ombe. Dakika mbili zinatosha. Usimfute ute wote wala kumpaka kitu chenye harufu kali, mama akashindwa kumtambua.

Usingoje siku ya tatu ukidhani mama atapoa. Kwa kweli atapoa kidogo, ila ndama atakuwa anakimbia, na kumkimbiza ndama mbele ya mama yake ni hatari kuliko yote niliyoyataja.

Na kama ng'ombe huyu anashambulia mtu aliye mbali, asiyemgusa ndama, muuze baada ya kuachisha. Tabia hiyo hurithiwa kwa kiasi, kwa hiyo usibakize mitamba wake.

SWALI: Mtamba wangu amezaa mara ya kwanza, anampiga ndama mateke na kumgonga kwa kichwa. Je, nimtenge?

JIBU: Mtenge kwa muda, lakini maziwa ya mwanzo yasichelewe. Uwezo wa utumbo wa ndama kufyonza kinga iliyomo hupungua kila saa, na baada ya saa 24 huwa umekwisha. Mwingize mtamba kwenye kibanio, yaani kizuizi chembamba cha kumshikilia ng'ombe asigeuke, kisha pima kiwele: kikiwa kimevimba na kugangamaa, anapiga mateke kwa maumivu. Kamua kidogo kupunguza shinikizo, kisha mwelekeze ndama kwenye chuchu. Akishindwa kunyonya, mnyweshe kwa chupa. Ndama wa kilo 35 anahitaji takriban lita 3.5 katika saa 12 za kwanza, sehemu kubwa mapema iwezekanavyo. Rudia kibanio mara tatu au nne kwa siku. Wengi hukubali ndani ya siku chache.

SWALI: Ng'ombe wangu alizaa wiki tatu zilizopita akiwa mtulivu. Sasa ghafla amekuwa mkali. Je, bado ni uchungu wa mwana?

JIBU: Hapana, usiuchukulie hivyo. Ukali unaoanza ghafla wakati huo waweza kuwa ugonjwa. Upungufu wa magnesiamu huwapata ng'ombe wanaonyonyesha kwenye majani machanga yanayokua kwa kasi: misuli hutetemeka, mwendo huyumba, kisha huanguka na kurusha miguu. Hapo mwite daktari wa mifugo bila kungoja, kwani anaweza kufa katika saa chache. Akitokwa mate mengi, akishindwa kumeza na mlio wake ukibadilika, fikiria kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni kuangalia kilichomkwama. Mate yakikugusa kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.