Usiweke ngoma nje wakati mtafiti anaongea ndani

Mkuu, hapana. Hiyo ratiba ifute kabla hujalipia ukumbi.

Umesema siku ya familia kwenye tamasha la chuo chenu hapa Mwanza itakuwa na mada za sayansi ukumbini kuanzia saa nne, na muda huohuo kikundi cha ngoma ya nyoka kitacheza uwanjani ili "kuvuta watu". Halafu ukauliza kuhusu mahema, chakula, kibali cha vipaza sauti na wataalamu wa kualika. Mimi nimekwama kwenye hilo la kuvuta watu, kwa sababu ni maneno yaleyale tuliyoambiwa sisi.

Tulikuwa na tamasha kama lako. Tulimpata mtafiti wa kichocho, ule ugonjwa wa minyoo unaosambazwa na konokono wa majini, mtu mwenye moyo, akaja na hadubini na slaidi zake mwenyewe. Mshereheshaji tuliyemkodi pamoja na muziki wake akatuhakikishia: ngoma ianze nje, watu wakishajaa mnawahamishia ndani. Aliongea kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Kumbe alichokijua ni harusi, ambako watu wanaingia ukumbini kwa sababu ndani kuna pilau.

Ngoma ikalia. Watoto wa viti vya nyuma wakatoka kwanza, wazazi wakawafuata, na kabla mtafiti hajafika kwenye picha ya konokono ukumbi ulikuwa mweupe. Nani atabaki kwenye kiti anatazama picha ya mnyoo ukutani, na nje chatu yuko begani kwa mtu? Hakuna aliyehamishwa kurudi ndani. Ukumbi, projekta, jenereta, vyote vimeshalipwa. Mshereheshaji akachukua hela yake kamili na kutuambia, "Si mmeona watu walivyojaa?"

Hela ingeuma ikapita. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba wengi wa watoto wale walitoka Igombe na Luchelele, watoto wanaooga na kuchota maji ziwani. Wao ndio walengwa wa mada ile, na waliondoka hawajasikia neno.

Na mtu yeyote aliyekulia Usukumani angepaswa kutuonya. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, yako hivyo tangu enzi: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ngoma zetu zimenolewa kwa vizazi ili zimnyang'anye jirani watazamaji. Wewe unataka kumshindanisha nayo daktari na projekta?

Kwa hiyo shika hili moja, mengine utajifunza njiani: mtaalamu na msanii wapande jukwaa moja, kwa wakati mmoja, na kila mmoja amhitaji mwenzake. Usiseme "mada, kisha burudani". Ukiwatenganisha, mada inakufa.

Inafanyika hivi. Mpiga ngoma anapiga, mwalimu wa fizikia anamwaga punje za mchele juu ya ngozi, zinarukaruka, watoto wanaiona sauti kwa macho. Kisha ngoma inasogezwa kwenye moto kama wapigaji wanavyofanya siku zote. Unyevu unatoka, ngozi inakaza, mlio unapanda. Mwalimu anauliza kwa nini, na wanaojibu ni watoto. Chatu akitoka kwenye kikapu, mtu wa baiolojia awe palepale kandokando ya mchezaji: nyoka hana masikio ya nje, ila mtikisiko wa ardhi anaupata kupitia mifupa ya taya. Waambie watoto wapige miguu chini wote pamoja, uone watakavyonyamaza kusikiliza kinachofuata.

Kichocho kifanyieni igizo, mtafiti akiwa msimulizi. Huku ziwani kinachotawala ni cha tumbo. Mayai yanatoka na kinyesi, yanafika majini na kuanguliwa, kimelea kinaingia ndani ya konokono, kinazaliana humo, kisha lava, yaani watoto wa kimelea hicho, zinatoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Wanafunzi wawili chini ya ungo ndio konokono. Watoto wanaocheza kimelea wanaingia wanne, wanatoka ishirini. Mtoto aliyecheza lava hatasahau. Lakini tumieni magamba makavu tu. Konokono hai wa ziwani asishikwe na mtoto, wala maji yake, maana lava hazionekani kwa macho.

Mazoezi ya pamoja ni lazima, hata kama mtafiti atalalamika hana muda. Asiyekuja mazoezini atapanda jukwaani na karatasi zake asome, na mtarudi kulekule.

Mahema: nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwenu. Mlango wa hema usielekee ziwa. Na kwa mawe ya mji huu vigingi havizami popote unapotaka, andaa mifuko ya mchanga ya kufungia kamba.

Mshereheshaji akikuletea ratiba yake, mwambie ratiba ipo. Na kiongozi wa kikundi cha ngoma mpigie simu leo, umuulize kama yuko tayari kukaa na mtafiti wako wiki hii wapange igizo. Akikubali, huo ukumbi hutauhitaji. Jukwaa la uwanjani linatosha.